Jina Ambalo Kogo Halitaji

Jina langu ni fupi. Ukiwa na haraka unaweza kulimaliza kabla hujapumua. Sitaliandika hapa, na sababu nitaitoa nikifika mahali pake.

Hata nikiliandika halitakusaidia kunipata. Njoo kwetu, juu ya Kapkatet, simama pale barabara ya lami inapoachana na ya murram, uliite kwa sauti. Atageuka mwenye posho mill, anayetusagia mahindi. Atageuka kijana wa bodaboda ambaye amelichora kwa rangi nyekundu nyuma ya pikipiki yake. Mbwa wa jirani atasimamisha masikio, maana jirani huyo aligombana na mwenye posho mill na hakupata njia nyingine ya kulipiza. Na hapo penyewe uliposimama panaitwa hivyo hivyo. Steji ni jina hilo. Kituo cha kupimia chai ni jina hilo. Kijito kilicho chini ya mashamba ni jina hilo, ingawa wakati wa kiangazi hakistahili kuitwa chochote. Mimi nitageuka wa mwisho, kwa sababu nimezoea kwamba si mimi.

Yote haya yalitoka kwa mtu mmoja, baba yake babu yangu. Ndiye aliyefyeka msitu pale na kupanda chai wakati majirani walikuwa bado wanaiita majani ya wazungu. Picha yake haipo. Wanasema alikuwa mfupi, mkali, na aliongea na ng'ombe kuliko alivyoongea na watu. Alipokufa jina lake lilimwagika kila mahali, likaingia kwa kijito, likaingia kwa steji, na mwisho likanifikia mimi.

Mimi nililipata kwa pua. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenisimulia. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazima humzunguka wakaanza kuita majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita rejista ya makaburini. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, mambo yamekwisha: huyo ndiye amerudi. Shangazi anasema waliita wazee wa maana kabisa. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa na ng'ombe wengi hadi akachoka kuwaangalia, na mwingine aliyeimba vizuri hadi akaoa bila kutafuta. Mimi nikalala tu. Walipolifikia jina fupi nikapiga chafya iliyotikisa blanketi.

"Si mlinitia ugoro puani?" nilimuuliza.

"Kidogo tu," akasema. "Ulikuwa unatuchelewesha, bana."

Kwa hiyo ugoro ndio uliorudisha mzee wa watu. Lakini kuna mtu ambaye hiyo chafya haikumfurahisha vile, naye ni Kogo. Kogo ni nyanya, mama yake baba yangu. Alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kuniosha. Jina hilo ni la baba mkwe wake, na mwanamke aliyeolewa kwetu hataji jina la baba mkwe. Awe hai, awe amekufa, liwe limeandikwa kwa kibao cha barabara, halitaji. Wanawake wengine wa rika lake wamelegeza kidogo, hasa wakienda kliniki. Kogo hajalegeza hata kidole. Kanisani anakaa benchi la mbele na kuomba kwa sauti inayotoboa mabati, lakini bado jina hilo halijapita mdomoni mwake tangu siku alipoletwa kwetu. Shangazi anasema aliweka beseni chini, akacheka, halafu akaanza kuniosha.

Na Mungu ana utani wake, kwa sababu Kogo ndiye aliyenilea.

Nilipokuwa darasa la tatu baba alipata kazi Nakuru, akahama na mama na wadogo zangu. Mimi niliachwa na Kogo kwa muda, ili asibaki peke yake. Huo muda haujaisha. Baba akipiga simu husema, "Wewe ndiye mwanaume wa hiyo nyumba." Mimi hujibu "Ndio, baba," halafu naenda kufukuza kuku jikoni, maana hapo ndipo uanaume wangu unaishia.

Tulikuwa wawili kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu kumi. Vyumba vingine vilikuwa na mahindi. Jioni ukungu ukishuka juu ya chai, unasikia watu wa nyumba nyingine wakiitana, nani aje ale, nani ameacha mlango wa boma wazi, na jina langu linaitwa mara kadhaa kutoka pande tofauti, la mwenye posho mill, la kijana wa bodaboda, la mbwa. Kwetu hakuna anayeita.

Kogo alikuwa na njia zake. Steji aliiita "pale magari hupumzika." Kituo cha chai kilikuwa "kwenye mizani." Kijito kilikuwa "kwa maji." Mwenye posho mill alikuwa "yule wa unga." Na mimi nilikuwa "lakwani," yaani mtoto huyu. Lakwani, kula. Lakwani, hiyo suruali ina siku ngapi? Mgeni akija akauliza kijana anaitwaje, Kogo ananisukuma bega kwa kidole, "Jitaje," kama polisi.

Kuniita kutoka mbali lilikuwa tatizo kubwa zaidi. Ukiwa katikati ya chai na kikapu mgongoni, ukungu umeshuka hadi huoni mikono yako, neno "lakwani" linaweza kumleta mtoto wa mtu yeyote. Kwa hiyo Kogo alitumia sufuria. Anasimama mlangoni na mwiko wa chuma, anagonga mbili za haraka, ananyamaza kidogo, halafu anagonga moja. Ting-ting. Ting. Bonde zima lilijua: ni yule mama anaita wake.

Nilitaka alitaje. Mara moja tu. Sijui kueleza vizuri bila kuonekana mtoto, na tayari nina ndevu nne. Ni hivi: jina langu liliitwa kutwa nzima na watu ambao hawakuwa wananitafuta mimi. Mtu mmoja tu alikuwa ananitafuta kila siku, na huyo ndiye hakuliita.

Basi nikaanza vita. Kwanza nilijifanya kiziwi. Akiita lakwani, sisikii. Kogo akanipa siku nzima, na jioni akamwaga uji wangu kwa kuku, akasema, "Hawa wanasikia." Halafu nikaja na uongo kwamba mwalimu anataka kila mzazi ataje jina la mtoto wake mbele ya darasa.

"Mwalimu hakujui?" akauliza.

"Ananijua, Kogo. Anataka tu kusikia kwako."

"Mwalimu asiyemjua mwanafunzi wake mpaka aambiwe na mama mzee, hiyo shule uhame."

Mpango wangu mkubwa ulikuwa ndama. Alizaliwa asubuhi ya mvua ya mawe, wa kike, na doa jeupe juu ya jicho kama amepigwa na chaki. Kwetu ng'ombe anapewa jina, na siku hiyo Kogo aliniachia mimi nimpe kwa sababu nilikuwa nimeshinda naye zizini. Nikampa langu. Nilikuwa nimepiga hesabu: mtu anaweza kuishi bila kumwita mjukuu, lakini ng'ombe wa maziwa lazima umwite, umbembeleze, umsifu, la sivyo anakunyima.

Kogo aliniangalia. "Ni wa kike."

"Siku hizi majina ni ya wote, Kogo."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Nikajua nimeshinda. Jioni hiyo hiyo akaenda kumkamua mama wa ndama na nikamsikia akimwambia ndama, kwa sauti tamu kabisa ambayo mimi sijawahi kupewa, "Sogea, Doa. Sogea, mama."

Ubaya ni kwamba sufuria ilikuwa inagongwa saa za kukamua, na ndama akajifunza kwamba ukisikia ting-ting, ting, kuna chumvi. Kwa hiyo akawa anakuja mbio kunishinda. Nilikuwa nimeanza vita ili nipate jina langu peke yangu, nikaishia kugawana na ng'ombe jina na sufuria pia.

Halafu nikaenda shule ya bweni, upande wa Kiptere.

Huko ndiko nilijua kweli kwamba chafya yangu haikuwa ya kipekee. Tulikuwa wengi wenye lile jina hadi tukawa tunapangwa kama viazi sokoni: mrefu, mweusi, wa Bomet, wa meno. Mimi sikuwa na alama yoyote. Nilikuwa "yule mwingine." Walimu walisema hivyo bila ubaya. "Si wewe, yule mwingine." "Mwambie yule mwingine aje." Nikawa mchekeshaji wa bweni, maana ukichekesha watu angalau wanajua unakaa wapi. Niliiga sauti ya kila mwalimu, niliiga hata kikohozi cha mpishi kwa ustadi ambao ulimfanya yeye mwenyewe aende kupimwa. Taa zikizimwa na kila mtu amelala, mchekeshaji anabaki macho na hana la kusema.

Siku ya wazazi muhula wa pili ndiyo nataka kueleza.

Baba alikuwa amesema hatapata ruhusa kazini. Kogo, kupitia simu ya jirani, nilimwambia asije, kuna baridi, ana kikohozi, na magari ni ya kubadilisha badilisha. Akasema, "Tutaona." Sasa kwa Kogo, "tutaona" inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa ameshafunga mzigo. Nilioga asubuhi na sabuni ya kuazima, nikapiga pasi shati kwa kulilalia, nikakaa ukumbi wa chakula karibu na dirisha.

Mambo yalienda hivi. Mzazi anafika getini, anamwambia soja anamtafuta nani, soja anamtuma mwanafunzi wa zamu ofisini, na ofisini jina linasomwa kwa spika. Jina langu likasomwa mapema. Niliruka. Tukatoka kundi zima, mrefu, mweusi, wa Bomet, wa meno, na mimi, tukiteremka kwa geti kama timu ya mpira. Alikuwa mama wa yule mrefu, na sufuria ya pilau. Tukarudi.

Likasomwa tena. Tukashuka tena, tukiwa mmoja pungufu. Baba wa yule wa Bomet, kwa gumboots, na mkoba wa ndizi. Likasomwa tena. Kila mara niliporudi, wale ambao hawakuwa na wageni walikuwa wananingoja mlangoni.

"Yule mwingine! Umepata?"

"Nimewasindikiza tu," nikasema. "Mimi ni mwenyekiti wa jina."

"Wee ni spea taya, bana. Unabebwa tu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikasimama juu ya benchi nikaanza kutangaza kama mnadani: hapa tuna kijana mmoja, ametumika kidogo, meno yote yapo, anakula kila kitu, nani atamchukua? Kijana wa kidato cha kwanza akajitolea kuninunua kwa chapati nusu. Ilikuwa shoo nzuri. Mvua ya saa nane ikaanza juu ya mabati, ikawa hatusikiani vizuri, na kupitia dirisha niliona familia zimejikunyata chini ya mablanketi uwanjani, watu wanalishana nyama kwa mkono.

Spika ikalia tena. Ikasema wote wenye lile jina waende getini. Wote, ikarudia, bila kuchelewa.

Sikwenda. "Mwenyekiti amestaafu," nikawaambia. Nikakaa chini nikaangalia meza.

Yaliyokuwa yakiendelea getini nilisimuliwa baadaye na soja mwenyewe, mzee wa kutoka ziwani ambaye anapenda kusimulia kuliko kufungua geti. Anasema kulikuwa na mama mzee aliyefika asubuhi, miongoni mwa wa kwanza kabisa, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, amekifunga kwa leso kama mtoto.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mjukuu wangu."

"Jina?"

Akataja lile la kanisani, ambalo nyumbani hakuna anayelitumia.

"Hao, mama, wamejaa hapa kama maharagwe. La pili?"

"La pili ni la wenyewe."

"Najua. Sasa litaje nimwite."

"Sitaji."

"Umelisahau?"

"Mimi nisahau?" Soja anasema alimwangalia kama mtu aliyemkanyaga. "Nimeishi ndani ya hilo jina tangu nilipoolewa."

Soja akamuuliza kijana yuko kidato gani, darasa gani. Kogo akasema ni yule mwenye maneno mengi. Soja akasema hiyo ni shule nzima. Akamwomba akae chini ya kibanda, apate joto, labda atakumbuka, kwa sababu kwa akili yake alijua tu kwamba uzee umeingia. Na Kogo, ambaye anaweza kukueleza ng'ombe gani alizaa mwaka gani wa mvua gani, akakaa hapo na kuonewa huruma mpaka saa nane. Watu wanaingia, wanataja, wanapewa watoto wao. Lile jina likitajwa na mzazi mwingine anainuka kidogo, anaangalia njia. Na hapa ndipo soja hupunguza sauti. Anasema alituona tukishuka kundi, lakini kibanda kinaangalia upande wa barabara, na yeye alikuwa akitukimbizia upande wa pili, kwenye lango dogo, ili tusizuie magari. Kila tuliposhuka, Kogo alikuwa nyuma ya ule ukuta.

Mwishowe mama mmoja wa Kapkatet aliyekuwa akitoka ndiye aliyemweleza soja. "Huyu hajasahau. Hilo ni jina la baba mkwe. Usimlazimishe." Akalitaja yeye. Soja akapiga kichwa chake kwa kiganja, akatuma ujumbe: wote waje. Wakaja waliokuwepo, wakapangwa mstari chini ya mvua mbele ya Kogo.

"Chagua, mama," soja akasema.

Kogo akapita mbele yao mmoja mmoja, kama mkaguzi.

"Hawa ni wazuri," akasema. "Lakini si wangu."

"Mama, hao ndio wote."

Basi. Soja anasema alidhani atalia. Badala yake aliinuka, akaweka kibuyu chini kwa uangalifu, akaenda mahali ambapo ringi ya lori imening'inizwa kwa waya, ile tunayoiita kengele. Akashika chuma.

Mimi nilikuwa bado naangalia meza. Nikasikia, kupitia mvua, ting-ting. Halafu kimya kidogo. Halafu ting.

Shule nzima ikainuka. Kengele ikilia ovyo kwetu ni moto au ni mkutano, na wazazi wakashika watoto, watoto wakashika nyama, kila mtu anakimbia kwenda uwanja wa gwaride. Viranja wanapiga kelele, "Mistari! Mistari!" Mimi nilikuwa nakimbia upande mwingine. Nilipitia katikati ya mablanketi, nikaruka sufuria ya mtu, nikamgonga naibu wa mwalimu mkuu bega na sikusimama kuomba msamaha. Ilikuwa inagongwa tena. Ting-ting. Ting.

Alikuwa amelowa mpaka kitambaa cha kichwa kimemshika kama ngozi. Aliniona, akarudisha chuma mahali pake.

"Ulikuwa wapi, lakwani?"

"Nilikuwa naitwa, Kogo."

"Na hukuja?"

Nikaenda kuokota kibuyu chake. 

Naibu akafika na fimbo na hasira. "Nani amepiga kengele?"

"Ni mimi," Kogo akasema. "Nilikuwa namwita mtoto."

"Mama, kuna spika. Si ungetaja tu jina?"

 Kogo alimwangalia tu, kwa upole, jinsi unavyomwangalia mtu ukingoja akili yake ifike. Naibu ni mtu wa Bomet na ana mama yake nyumbani. Akaficha fimbo nyuma ya mguu. "Karibu shule, kogo," akasema, na akaenda kuwaeleza watu mia kadhaa waliokuwa kwenye mistari kwamba hakuna moto.

Tulipata muda mfupi sana, kwa sababu gari la mwisho la kwetu halingoji. Tulikaa kwa kibanda cha soja. Akafungua kibuyu, mursik ikatoka na harufu ya mkaa wa nyumbani, tukanywa kwa kifuniko, mimi, yeye na soja, ambaye alikunja uso kwa adabu. Mikono ya Kogo ilikuwa ya baridi. Alikohoa kikohozi ambacho sikujaribu kukiiga.

"Kogo," nikamwambia kwa sikio, "hapa hakuna mtu wa kwetu. Sema mara moja tu. Hakuna atakayejua."

Akanishika sikio akalivuta kidogo. "Na wewe si wa kwetu?"

Akaenda. Niliangalia leso yake mpaka kona. Nyuma yangu bweni zima lilikuwa limeshapata kazi: tangu jioni hiyo sikuwa tena yule mwingine. Naitwa Kengele. Hakuna kijito kinachoitwa hivyo, hakuna steji, hakuna mbwa. Nililitaka jina la peke yangu miaka yote, na nilipolipata nililala nalo kitandani nikaona halina joto lolote.

Kikohozi cha Kogo hakikuisha. Hospitali ya Kapkatet wakasema kifua chake hakitaki tena baridi yetu wala moshi. Kabla muhula haujaisha shangazi alikuja akamchukua, akaenda kuishi naye Fort Ternan, chini kule karibu na reli, ambako ukiteremka zaidi unaona miwa na sweta ni kitu cha kuning'iniza tu. Shangazi anasema anaendelea vizuri, anasinzia juani na analalamika kwamba chai ya huko imechemshwa na watu wasiojua.

Shule ilipofungwa baba aliniambia niende Nakuru. Nilienda mara moja zamani. Wadogo zangu waliniangalia jinsi unavyomwangalia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nikamwambia chai haijichumi yenyewe. Nikaja nyumbani.

Sasa ni mimi na Doa, ambaye ni ng'ombe kamili mwenye maringo, na mahindi kwenye vyumba. Asubuhi nachuma, napeleka kwenye mizani. Karani anaita jina, tunaitika wengi kama ibada. Nikirudi napita pale magari hupumzika, navuka kwa maji, namsalimu yule wa unga. Nimejikuta nasema hivyo hata kwa sauti. Mwenye posho mill aliniuliza juzi kama nimemkosea heshima au nimeolewa kwao.

Ndiyo maana sikuliandika hapa. Nataka shangazi amsomee Kogo haya yote, pale nje kwake, juani. Shangazi mwenyewe hana shida, alizaliwa kwetu, analitaja apendavyo. Lakini Kogo ana tabia: ukimsomea kitu anarudia kila sentensi nyuma yako, polepole, kama anaionja. Sitaki afike mahali anyamaze.

Jana jioni ukungu ulishuka mapema. Nilisikia watu wakiitana bondeni. Nikaenda jikoni, nikachukua sufuria na mwiko wa chuma, nikasimama mlangoni pa Kogo nikagonga. Sijui nilitaka nini. Nilitaka labda kusikia inavyosikika kwa yule anayegonga. Ting-ting. Ting. Ukungu ukanyamaza. Halafu kitu kikaanza kuja, kinapumua, kinavunja matawi ya chai, moyo wangu ukaruka, na akatokea Doa, anadai chumvi.

Nikampa. Nikampigia shangazi simu.

"Kogo yuko?"

"Yuko, lakini simu hataki. Anasema haina uso."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia ni..." na shangazi akalitaja, jina lote, fupi kama lilivyo. Nikangoja. Nikasikia kikohozi, kidogo, si kile kibaya. Nikasikia Kogo akiuliza, "Amekula?" Nikasikia kiti kikiburutwa, na shangazi akisema, "Mama, unaenda wapi na hiyo, si bado ina mboga?"

Nikaweka simu kwenye spika, nikainyoosha mbele gizani.

Ting-ting. Kimya kidogo, kile kile. Ting.

Doa akainua kichwa kutoka kwa chumvi. Tukaitika wote wawili.